Tairi la Mbele na Mteremko wa Mbaga

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwa pikipiki kubwa kwenda Upareni hula lami karibu kilomita 450 kabla ya kufika Same. Hapo anaacha barabara kuu, anashika njia ya Mwembe na kuanza kuupanda mlima kuelekea Mbaga. Kipande hicho cha udongo na mawe hakifiki hata sehemu ya kumi ya safari yake. Akimweleza muuza matairi wa Ulaya mpango huo, jibu atakalopewa linajulikana: wewe ni mtu wa asilimia 90 lami na 10 vumbi, chukua tairi la lami lenye mifereji kidogo, litadumu, halitakupigia kelele na litalala vizuri kwenye kona. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Ni sahihi mpaka mvua imkute juu Mbaga, udongo mwekundu uwe umelowa, na yeye awe na kilo 250 za chuma za kuteremsha.

Ninashikilia kwamba hesabu ya asilimia ndiyo inayowapotosha wengi wanaokuja milimani kwetu na pikipiki za safari, na kwamba waendesha bodaboda wa Same, ambao hesabu hiyo haiwahusu, wana njia bora ya kulifikiria tairi. Hata hivyo, mwenye pikipiki kubwa akiwaiga hatua kwa hatua ataanguka vilevile. Sababu yake iko kwenye uzito na nguvu ya chombo, nami nitaifikia.

Tuanze na hao wa asilimia. Pikipiki kubwa za safari za leo zina mzazi anayetajika, BMW R80G/S ya mwaka 1980. Kabla yake, Desemba 1978, mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar yaliondoka Ufaransa kwenda Senegal, na Cyril Neveu akashinda kwa Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja isiyo na makuu. Hubert Auriol alipoishindia BMW mwaka 1981, picha ya pikipiki nzito inayokatiza jangwa la Afrika iliingia vichwani mwa wanunuzi wa Munich na Milan, na haijatoka mpaka leo. Ila mnunuzi huyo alikuwa na shida ambayo Neveu hakuwa nayo: Jumatatu alitakiwa kazini. Tairi lake lilipaswa kukimbia barabara kuu ya Ujerumani siku tano, kisha mwishoni mwa wiki liingie njia ya msituni kwenye milima ya Alps. Kutokana na maisha hayo ndipo ilipozaliwa lugha ya kugawa tairi kwa mafungu, nusu kwa nusu, 80 kwa 20, 90 kwa 10. Michelin yenyewe inalitangaza Anakee Adventure kuwa la asilimia 80 lami na 20 njia za vumbi. Continental TKC 80, Heidenau K60 Scout, Mitas E-07 na Metzeler Karoo kila moja lina watetezi wake, na watu wazima wenye kazi zao hubishana usiku kucha kuhusu lipi linafaa.

Siwabezi. Mapokeo haya yametuletea jambo moja kubwa, nalo ni nidhamu ya kusoma ubavu wa tairi. Pale ubavuni pana maelezo ninayoyaamini kuliko asilimia za matangazo. Honda Africa Twin ya CRF1100L inavaa 90/90-21 mbele na 150/70R18 nyuma. BMW R1250GS inavaa 120/70R19 na 170/60R17. Baada ya saizi inakuja namba ya mzigo: 54 maana yake tairi hilo linabeba kilo 212, na 70 maana yake kilo 335. Halafu inakuja herufi ya mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Mzungu anayeishi kando ya barabara isiyo na kikomo cha mwendo ana sababu ya kuililia V. Kwenye barabara yetu ya Segera hadi Himo, yenye vijiji, matuta, mbuzi na vibao vya 50, hakuna mwenye akili timamu anayeihitaji. Tairi la kashata nene, yaani vinundu vya mpira vilivyochomoza, lenye Q limemtosha na kumbakizia. Kwa hiyo kigezo kimoja kinachowanyima wenzetu usingizi huko, sisi tunakiweka kando mara moja, na uwanja wa kuchagua unapanuka.

Kigezo cha pili wanachokijali ni umri wa tairi kwa kilomita. Tairi la nyuma la kashata nene na laini, mfano wa TKC 80, likibebeshwa pikipiki nzito kwenye lami ya moto, wengi huwa wamelimaliza kabla ya kilomita 6,000 au hapo karibu. Kwenda Same na kurudi Dar ni kilomita 900. Ndiyo kusema kila safari ya kuwaona wazazi inakula karibu sehemu ya sita ya tairi la bei mbaya, na linalikwa lote kwenye lami ambako halikuhitajika. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Ila angalia inachokihesabu. Inahesabu gharama ya kilomita zile rahisi, wala haisemi lolote kuhusu kilomita zile chache ambazo mtu anaweza kuvunjika mguu.

Kijiweni Same mazungumzo ni mengine. Pikipiki zilizopangwa pale ni Boxer, TVS na za Kichina za mkao wa Honda ya zamani, kila moja na kilo mia na ushei. Tairi la nyuma ni 3.00 la inchi 17 au 18, la mbele ni jembamba zaidi, 2.75. La mbele mara nyingi lina mistari inayolizunguka. La nyuma ndilo lenye kashata. Mwenye chombo hakuulizi asilimia ya lami. Anakuuliza unakwenda wapi, una mzigo gani, na huko juu kumenyesha? Maswali hayo matatu yanabeba karibu kila kitu. Mwembe ni kitu kimoja na Vudee ni kitu kingine. Abiria mmoja ni kitu kimoja, mshikaki wa watu watatu ni kingine, na viroba vya tangawizi vinavyoteremka kutoka Mamba Miamba ni kingine kabisa. Na barabara ileile iliyopitika Februari kwa tairi lolote, Aprili inataka mtu na tairi lake.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kwa dereva wa bodaboda uchaguzi wa tairi hauishi dukani. Anaendelea kuchagua kila siku. Kiangazi analimalizia lile lililochoka. Masika yakinukia mwezi wa tatu anavalisha kashata mpya nyuma. Vuli ikija Oktoba anatazama tena. Tope likizidi anafunga mnyororo au kamba kwenye gurudumu la nyuma, anapanda, akifika pakavu anaifungua. Na kuna siku anachagua kutokwenda. Msafiri wa ng'ambo anafunga seti moja ya matairi ya kumfikisha kutoka Nairobi mpaka Cape Town na hana budi kuishi nayo. Huyu wa Same anaufuata mwaka ulivyo. Ni mapokeo ya mtu aliyepo, na mlima anaujua kwa misimu yake.

Nilimwona kijana mmoja wa kijiwe cha njia ya Mwembe akiikagua Africa Twin ya mgeni aliyekuwa akinywa soda kivulini. Hakushughulika na skrini wala mabegi ya alumini. Alilipita tairi la nyuma, ambalo bado lilikuwa zima, akaja kuchuchumaa mbele. Aliingiza ncha ya kidole kwenye mfereji wa tairi. Haukumeza hata ukucha. "Kaka, hili ndilo litakulaza," akasema. Mgeni akacheka, akauliza kwani mbona la kwake yeye la mbele lina mistari tu. Kijana akajibu bila kusita: "La kwangu nalishikilia kwa miguu. La kwako utalishikilia na nini?" Kisha akamwambia mvua ikinyesha alale hukohuko kwa mwenyeji wake, udongo upigwe jua mpaka saa nne, ndipo ashuke.

Jibu la yule kijana ndilo kiini cha ulinganisho huu wote. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi 12 hivi. R1250GS ina 136. Anayepanda Suji kutokea Makanya na farasi 12, abiria na mzigo, anahofia jambo moja: gurudumu la nyuma kuserereka, chombo kupoteza mwendo na kuanza kurudi nyuma. Ndiyo maana kashata zake bora ziko nyuma. Akishuka, mzigo uliofungwa juu ya keria unaliminya gurudumu la nyuma chini. Anaingiza gia ndogo, injini inamzuia, breki ya nyuma inamsaidia, na mbele likianza kuponyoka anateremsha miguu yote miwili na kukikanyagia chombo kama mtu anayetembea. Kilo 120 zinashikika kwa miguu.

Mwenye pikipiki kubwa yuko upande wa pili wa mizani. Nguvu za kupanda anazo, na za ziada. Hata kwa tairi la nyuma la wastani atafika juu, mradi asiwe na pupa ya kukamua moto. Taabu yake ni kushuka. Kwenye mteremko uzito wote unaegemea mbele: injini, tangi lenye mafuta, mwili wake mwenyewe. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi na breki yake haizuii sana. Kazi ya kupunguza mwendo na kazi ya kugeuza usukani zote zinaliangukia tairi moja la mbele, kwa wakati mmoja, kwenye kona yenye utelezi iliyoinamia bondeni. Tairi hilo likiponyoka hakuna mguu wa binadamu unaoweza kushikilia kilo 250, achilia mbali mabegi. Mfumo wa kuzuia breki kukaba unasaidia sana kwenye lami. Kwenye udongo uliolowa juu ya mteremko unaachia na kushika, unaachia na kushika, na chombo kinaendelea kwenda.

Kwa hiyo bodaboda wana haki katika namna ya kuuliza, na jibu lao lazima ligeuzwe linapofika kwenye pikipiki kubwa. Wao huweka kashata nyuma na mistari mbele. Mwenye pikipiki kubwa anayekwenda Upareni aweke kashata nene mbele, na nyuma avae tairi la kati, gumu kidogo, lenye umri mrefu. Uzuri ni kwamba mpango huu unajibu pia malalamiko ya gharama. Tairi la mbele halisukumi chombo, linaviringika tu na kufunga breki, hivyo hata likiwa la kashata hudumu zaidi sana kuliko la nyuma. Lile linaloliwa haraka na lami, la nyuma, ndilo ambalo tunaweza kulegeza masharti yake. Wasafiri wa ng'ambo waliozoea njia mbovu wamefika hapohapo kwa njia yao. Wengi wao hufunga TKC 80 mbele na K60 Scout au Mitas nyuma. Mapokeo mawili yaliyoanzia mbali namna hiyo yakikutana, mimi husikiliza.

Bado kuna udongo wenyewe, ambao hauko katika mizani yoyote ya asilimia. Milima ya Upare ni sehemu ya Safu ya Tao la Mashariki, miamba ya kale mno ambayo imeoza juu na kuacha udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Shengena, kilele chake, kinapita mita 2,400, na upande wake wa mashariki na kusini unapokea mvua ambayo mji wa Same, uliokaa kivulini upande wa pili, huisikia kwa masimulizi. Mgeni anaondoka mjini kwenye vumbi na joto, anga jeupe, na katika muda mfupi anakuta ukungu na barabara inayong'aa. Udongo ule ukiwa mkavu ni mgumu na unashika vizuri. Ukilowa kwa juu tu, nusu saa ya manyunyu, ndipo unapokuwa mbaya kuliko hata ulionyeshewa siku nzima, maana chini ni pagumu na juu pana utando.

Kwenye utando huo kinachookoa ni nafasi kati ya kashata kuliko ukubwa wa kashata zenyewe. Kashata zilizobanana hujaa udongo mzunguko wa kwanza, na kuanzia hapo unaendesha kipara, hata kama tairi umelinunua jana. Watengenezaji husema tairi hujisafisha lenyewe, na ni kweli gurudumu likizunguka kwa kasi. Ila mtu anayeteremka Mbaga kwa mwendo wa miguu hana kasi hiyo, na udongo unakaa ulipo. Kwa hiyo tairi la mbele liwe na nafasi pana, udongo upate pa kwenda. Matairi mengi ya nusu kwa nusu yanayosifiwa kwa changarawe ya Ulaya yana kashata kubwa zilizokaa karibu karibu. Yanapendeza machoni na yanatembea vizuri njia ya Kisiwani wakati wa kiangazi, lakini huku juu yanageuka tofali.

Chini tambarare, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, mambo hubadilika tena. Kuna vipande vya udongo mweusi ambao ukilowa hausikii tairi la mtu. Unajaza matope mpaka kwenye madigadi na gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo bodaboda na mwenye GS ni sawa, wote wawili wanasubiri. Na kiangazi kuna miiba ya migunga, mirefu, migumu, inayoingia kati ya kashata bila hodi. Bodaboda wengi huweka kipande cha tyubu kuukuu kati ya tairi na tyubu ili mwiba uchoke kabla haujafika ndani. Ni ufundi wa bei ya bure, na kwa mwendo wao unafaa. Kwenye lami kwa kilomita 100 kwa saa singeuthubutu, kwa sababu kipande kile hujisugua, hupata joto na kuikata tyubu kiliyokuja kuilinda.

Upepo ni nusu ya uchaguzi, na hapa inafaa kuwatazama ndugu zetu wa Ghuba. Waswahili walioko Muscat wanaotoka mwisho wa wiki kwenda kwenye mchanga wa Sharqiya wanajua kwamba kabla ya kuukanyaga mchanga gari linapunguzwa upepo mpaka psi 15 hivi, tairi litanuke na lielee. Kwenye mchanga hiyo ndiyo hekima yote, na tairi lenye kashata kali huko linaweza hata kukuchimbia kaburi. Tatizo ni kwamba hekima hiyo imesafiri, na watu wanaileta milimani bila kuipima. Njia zetu zina mawe yaliyochomoza. Tairi laini likigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayotazamana. BMW wanataka psi 36 mbele na 42 nyuma kwenye R1250GS. Kwa mlima wa udongo na mawe, na mzigo nyuma, kushuka hadi 28 au 30 kunaongeza mshiko unaosikika mikononi. Chini ya hapo ni kuitafuta pancha. Ukirudi lami, jaza. Pampu ndogo ya kubebwa ina thamani kuliko nusu ya vitu vinavyojaza mabegi ya alumini.

Kujaza huko si jambo dogo. Tairi lenye upepo haba, likibebeshwa mzigo na kukimbizwa kwenye joto la tambarare kati ya Hedaru na Same, hujikunja kila mzunguko, huchemka ndani na hatimaye huachana nyuzi. Jioni ya Juni 28, 2025, pale Sabasaba, Same, basi na basi dogo yaligongana na kuteketea kwa moto. Watu zaidi ya 35 walifariki, na taarifa za serikali zilitaja kupasuka kwa tairi la gari mojawapo. Waliofiwa wako katika kila kata ya wilaya hii. Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akisema kipara kitamfikisha nikanyamaza. Na hapo ndipo ninapoachana na mapokeo ya kijiweni, pamoja na heshima yote niliyonayo kwao: tabia ya kulimaliza tairi mpaka nyuzi zionekane, kwa kuwa kiangazi barabara ni kavu. Najua bei ya tairi na najua hesabu ya siku ya dereva. Lakini kipara hakichagui msimu wa kupasuka.

Tairi likishatoboka, swali linakuwa nani atalishughulikia, na hapo mapokeo ya ng'ambo yanapwaya kuliko kote. Fundi pancha wa Same anavua tairi la Boxer kwa vyuma viwili na goti, kazi ya dakika chache. Anaisugua tyubu, anapaka gundi, anaweka kiraka, anakibana chini ya pistoni kuukuu, anamimina petroli kidogo ndani ya pistoni na kuwasha. Moto ukizimika kiraka kimeshakuwa mwili mmoja na tyubu. Nimeona viraka vya namna hiyo vikizidi umri wa tyubu yenyewe. Mletee fundi huyohuyo tairi la 170 la GS, kuta zake ngumu zilizong'ang'ania rimu, na vyuma vyake vinapinda. Atalifungua, maana hashindwi. Atalilaza chini ya stendi ya upande ya pikipiki nyingine na kuiegemeza ilikandamize, atamwaga maji ya sabuni, ataita watu. Lakini kuta zile nene, ambazo Ulaya ni sifa, kwake ni nusu siku.

Kwa sababu hiyo naona pikipiki yenye rimu isiyohitaji tyubu, kama ya GS, ina nafuu halisi huku kwenye miiba, kwani tundu la mwiba linazibwa kwa kamba ya gundi kutokea nje bila kuvua kitu. Ila jiwe likiikunja rimu, upepo hautakaa tena, na hapo tyubu ndiyo mkombozi. Tyubu ya akiba ibebwe kwa vyovyote, hata na yule asiyeitumia.

Inaniuma kidogo kwamba tunayajadili haya yote kwa majina ya wageni. Arusha palikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa na Continental ya Ujerumani, walewale wa TKC 80, wakawa na 26. Kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza, mwendo wa saa chache kutoka Same kwa barabara ya Tanga, bado yako chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo. Kiwanda kile hakikuwa kikitengeneza tairi la pikipiki ya safari, najua. Lakini nchi inayotengeneza tairi hujifunza barabara zake zinataka nini, na elimu hiyo haiagizwi kwa meli.

Upareni kuna mapokeo mengine yanayotangulia tairi lolote, nayo ni msaragambo. Barabara nyingi za kupanda vijijini zilichongwa kwa majembe ya watu, na mpaka leo kona ikiharibika watu wanaitwa, wanakuja na majembe na mawe, wanaiziba. Tangu 2017 kuna TARURA, na kwenye miinuko mikali utakuta zege, lakini mkono wa kijiji haujaondoka. Mwenye pikipiki kubwa na alijue hilo anapochagua tairi. Kashata nene zenye farasi 136 nyuma yake zikikamuliwa kwenye udongo laini huchimba mfereji; mvua inayofuata inauingia, inaupanua, na baada ya masika ni korongo ambalo mama mwenye kiroba cha mahindi kichwani analizunguka. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka tairi la nyuma liwe la wastani. Litakunyima nguvu za kuchimba ambazo hukuzihitaji, na kazi ya watu utaiacha kama ulivyoikuta.

Basi kwa anayejiandaa kwa safari hiyo sasa, tairi la mbele la kashata pana la inchi 21 au 19 si la kutegemea kulipata Same, wala si rahisi Moshi. Litafutwe Dar, Arusha au Nairobi, na litafutwe mapema. Kabla ya kulipa, zisomwe namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi la 2319 lilitoka kiwandani Juni 2019, na kama limekaa miaka yote hiyo kwenye stoo ya bati, mpira wake umeshakuwa mgumu hata kama kashata zote ziko kamili. Kwenye utando wa Mbaga ugumu huo utauhisi kabla hujafika kona ya pili. Liwekwe mwelekeo unaoonyeshwa na mshale. Nyuma, tairi la kati lenye namba ya mzigo inayotosha wewe, abiria na mabegi, herufi ya mwendo isikusumbue. Ndani ya begi, vyuma vya kubandulia, pampu, viraka, na tyubu moja ya inchi 21 kwa mwenye gurudumu la saizi hiyo. Ikibidi, tyubu hiyo huingia hata kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18, ikajikunja kidogo, na kwa mwendo wa taratibu ikakufikisha kwa fundi. Ile ya inchi 18 ukiibeba peke yake, mbele haitakwenda.